Wasomaji wa Barua ya Banda

Siku mliponiaga ofisini, baada ya keki na zile picha, Neema aliniuliza swali nikalijibu ovyo. Alitaka kujua zamani, kabla ya simu kujaa mikononi, tulikuwa tunawapataje watu wa kuwatumia matangazo. Nikamwambia tulikuwa tunawaomba. Mkacheka wote, na mie nikacheka, nikaondoka zangu Temeke. Njiani nikaona nimewapunja. Kazi yenu ni ileile tuliyoianza sie: kuuza bidhaa za watu wengine kwa kamisheni, kwa kuwaandikia watu waliokubali kuandikiwa. Sasa nina muda, nimekaa kuandika jibu refu. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Hazikunifurahisha wakati ule, na sioni kwa nini ziwafurahishe nyie.

Nilianza nikiwa nimetoka kupunguzwa kazi. Nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika moja la umma, na mashirika yale yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, taratibu, huku sie tuliomo ndani tukiendelea kuandika barua na kugonga mihuri. Wakati ule kila mtu Dar es Salaam alikuwa na mradi wake wa pembeni, na mradi wenyewe mara nyingi ulikuwa kuku. Bosi wangu alifuga kuku. Dereva wake alifuga kuku. Wote wawili walinunua pumba duka moja, na nasikia pale dukani ndipo walipozungumza kama watu.

Mama Ngonyani alikuwa afisa mifugo, mtu wa Songea, aliyeamua kuacha kazi ya serikali mapema. Alikuwa na nyumba Mikocheni, kwenye mtaa ambao upande mmoja walikaa watu na upande wa pili kulikuwa na karakana za kuchomelea mageti. Hakuwa na gari la kuweka gerejini, akaifanya gereji ofisi. Wazo lake lilikuwa jepesi. Biashara zilishafunguliwa, watu binafsi walianza kuuza vifaranga, dawa, vyakula na vyombo vya kunyweshea, lakini mfugaji wa Temeke hakujua muuzaji mzuri ni yupi. Muuzaji naye hakujua wafugaji wako wapi. Mama Ngonyani aliwajua wote. Akaamua kuandika barua ya kila mwezi yenye mafunzo ya ufugaji, na mwishoni aeleze bidhaa gani anaziamini na zinapatikana wapi. Aliyenunua kupitia barua hiyo, muuzaji alitoa kamisheni kidogo. Barua akaiita Barua ya Banda.

Siku ya kwanza nilifika na cheti changu cha upigaji chapa ndani ya bahasha, nimevaa viatu vya kisigino. Hakukitazama cheti. Alinipeleka nyuma ya gereji kwenye banda lake, akaniuliza, "Halima, kuku gani hapa anaumwa?"

Niliwatazama, nikajikaza nionekane ninajua. Mwisho nikasema, "Mie naona wote wazima, mama."

"Na mimi naona hivyo," alisema. "Ila jana sikuona hivyo, na kesho sijui. Kila asubuhi utakaa hapa na chai yako uwatazame, kabla hujagusa mashine. Mtu anayeuza kitu kwa maneno lazima kwanza akione kwa macho."

Kesho yake nilikuja na kandambili.

Vifaa vyetu vilikuwa mashine ya chapa yenye herufi "k" iliyokatika mguu, jambo baya kwa barua ya kuku, na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono. Uliandika kwenye karatasi ya stensili, ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unaandika upya. Wino ulipaka kila kitu. Mume wangu alikuwa akisema ananitambua kwa vidole.

Anwani tuliziweka kwenye kadi, ndani ya boksi la viatu. Wakati huo zilikuwa namba za masanduku ya posta. Hapa ndipo Mama Ngonyani alipokuwa na msimamo ambao mwanzoni niliuona wa ajabu. Mwenyewe lazima aandike kadi yake, kwa mkono wake, tukiwa tumemwambia wazi kwamba tutamletea barua, kwamba ndani yake tutamsifia bidhaa, na kwamba akinunua sie tunapata chochote. Wengine walisita waliposikia hilo la mwisho. Wengi walicheka, wakaandika.

Niliwahi kujiona nimefanya la maana. Rafiki yangu wa wizara moja alinipa orodha nzima ya wafanyakazi wao, majina na masanduku yao ya posta, imepigwa chapa vizuri kabisa. Niliipeleka kwa Mama Ngonyani kama mtu aliyeokota dhahabu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

"Hawa wametuita?"

"Hapana, lakini wengi wao wanafuga, mama. Ninawajua."

"Basi nenda ukawaulize. Atakayekubali, mpe kadi."

Nilienda. Nilisimama kwenye korido za wizara siku nzima kama muuza karanga. Nilirudi na kadi chache sana, nikiwa nimenuna. Ila wale wachache walinunua, wakaendelea kununua miaka na miaka. Mmoja wao aliwaleta shemeji zake wote.

Tulichokuwa tunawapa watu mkononi kabla hata hawajaandika kadi ni karatasi moja iliyoeleza wiki ya kwanza ya kifaranga: namna ya kuzungushia boksi, kuning'iniza taa ya chemli, kuweka maranda chini, na kujua kwa kuwaangalia tu kama wanasikia baridi. Wakijibana chini ya taa, baridi. Wakikimbilia pembeni, joto. Nyie mnayo majina mazuri kwa kitu cha bure kinachotangulia biashara. Sie tuliita karatasi ya vifaranga. Nimeikuta imebandikwa ukutani katika nyumba za Mbweni ambazo mwenye nyumba hakujua aliyeiandika ni nani.

Kujua mteja ametoka kwetu, tulitia kikaratasi cha njano ndani ya kila barua. Mteja anakwenda nacho dukani, muuzaji anakiweka kando, mwisho wa mwezi mie nazunguka kuvikusanya. Kuna wauzaji waliokuwa wakiniletea chai nikifika, na kuna waliokuwa wakisema vikaratasi vimeliwa na panya. Wale wenye panya hatukuwaandika tena.

Hapo ndipo nilipomjua Bi Kidawa. Alikuwa mama wa makamo wa Temeke, mtu wa pwani hasa, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mayai hayo ndiyo yaliyosomesha wajukuu. Kadi yake aliandika kwa herufi za kuinama, taratibu, akaniuliza kama ni lazima ajaze kazi yake. Nikamwambia si lazima.

"Andika mwenyewe basi," akasema. "Andika kuku."

Imeili ilikuja karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Mie sikuitaka. Mama Ngonyani ndiye aliyekuwa na hamu, ingawa tayari sukari ilikuwa inamsumbua na macho yake yamepungua nguvu, na barua sasa nilikuwa naiandika mie. Aliona kwenye ofisi ya rafiki yake mtu akiandika barua ikafika Nairobi kabla chai haijapoa, akarudi hawezi kukaa. Alinunua kompyuta iliyotumika, na fundi akaja kufunga modemu kwenye waya wa simu. Nyie hamkuisikia ile sauti. Ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria ndani ya pipa, na ukiisikia unafurahi, kwa kuwa maana yake umeunganishwa. Simu ilikuwa moja. Mteja akipiga wakati tunatuma, anakuta laini ina shughuli, anakasirika, anakuja mwenyewe.

"Nani huko Temeke mwenye kompyuta?" nilimuuliza.

"Hakuna," alisema. "Lakini bosi wa mtu wa Temeke anayo."

Alikuwa sahihi. Tuliongeza mstari kwenye zile kadi na kuanza upya kazi ya kuomba. Watu waliandika anwani za imeili za ofisini kwao, wakiwa na wasiwasi kama wanaiba. Mmoja alitupa ya bosi wake, bosi akatujibu kwa ukali, kisha wiki iliyofuata akaandika tena kuuliza kuhusu minyoo. Wengine walisahau nukta, wengine waliweka nukta hadi mwisho kama wanafunga sentensi. Barua zilirudi kwa wingi. Ilibidi nijifunze kusoma mwandiko wa watu upya, herufi moja moja, na kwa asiyesomeka nilitembea nikamfuata kumuuliza. Orodha ile ilikua polepole kuliko mtoto anyonyaye.

Barua ya kwanza tuliituma na anwani zote zikionekana juu, kwa sababu hakuna aliyetuambia kuna njia nyingine. Bwana mmoja wa Mbweni alijibu kuwasifia kuku wake, na jibu likawafikia wote. Mwingine akamjibu kwamba kuku wa aina hiyo wanakula sana. Kwa siku kadhaa watu wazima wa ofisi za heshima waligombana kuhusu ukubwa wa mayai, na sie tukiwa hatuna namna ya kuwanyamazisha. Fundi alirudi kutufundisha kuficha anwani. Mama Ngonyani alisikitika kidogo. Alisema hajawahi kuona wasomaji wachangamke vile.

Kwa kuwa kikaratasi cha njano hakipiti kwenye waya, tulibuni neno la mwezi. Mteja akifika dukani anamtajia muuzaji neno hilo, muuzaji anaandika. Neno la kwanza lilikuwa "kishungi." Mwezi tuliochagua "jogoo," wazee walilitamka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba imeili moja haikuwa mtu mmoja. Mwalimu Kessy alikuwa anafundisha chuo kimoja mjini na kuishi Tegeta, wakati ule nyumba mpya zinaota kule kama uyoga na kila nyumba ina banda kabla haijawa na dari. Alikuwa anaipokea barua chuoni, anaichapisha, anakwenda kuibandika kwenye duka la pumba karibu na kwake. Watu wakasimama kuisoma. Muuza duka akaweka benchi. Nilipokwenda kuwatembelea, nilikuta mama mmoja anamsomea mwenzake kwa sauti habari za chanjo ya mdondo, ugonjwa ule unaofagia banda zima, na mwenzake anasema, "Rudia hapo." Nilisimama nyuma yao nikasikiliza maneno yangu mwenyewe. Niliondoka nikiwa nimejaa furaha, hata nikapitiliza kituo.

Sasa nije kwenye lile gumu.

Kulikuwa na kiwanda kipya cha chakula cha kuku, kidogo, cha mtu binafsi. Mwenyewe alikuwa kijana, mpole, aliyekopa ili aanze. Alituletea chakula chake na kamisheni nzuri kuliko wengine wote. Sie tulikuwa na desturi: kitu cha kula hakiandikwi kwenye barua mpaka kuku wetu wenyewe wakile kwanza. Tuliwalisha miezi miwili. Walitaga vizuri, maganda magumu, kiini cha rangi. Tukakiandika. Watu wakakinunua, wakakipenda, na Bi Kidawa alikuwa mmoja wao. Yeye hakuwa na imeili, alipata barua yake posta kama zamani.

Miezi michache baadaye Mama Ngonyani alisafiri kwenda Songea. Kaka yake alikuwa mgonjwa, na mwenyewe alihitaji kupumzika. Aliniachia funguo na kuku. Wiki ileile, asubuhi, nikiwa na chai yangu bandani, nikasikia hodi getini. Alikuwa Bi Kidawa, na kikapu.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa mazuri." Alifunua kikapu. Ndani kulikuwa na mtetea mkubwa, amekufa, shingo imelegea. "Huyu wa leo. Jana wengine, na nyuma ya jana wengine. Wanakunywa maji, Halima. Wanakunywa hawashibi. Chini kote tope. Kisha miguu inawakataa."

Nilimkaribisha ndani, nikamuuliza kama amewachanja. Alikuwa amewachanja, na kadi ya chanjo alikuja nayo. Nikamuuliza amebadilisha nini. Akasema hakubadilisha kitu, chakula ni kilekile, ila amefungua gunia jipya. Alikuwa amefunga kidogo kwenye leso. Alinifungulia. Nilichota kwa kidole, nikaweka ulimini.

Ilikuwa chumvi tupu. Nimezaliwa pwani na ninajua ladha ya dagaa wasiooshwa.

Nilikwenda naye kwa daktari wa mifugo aliyekuwa si mbali na pale. Alimpasua yule kuku, akatazama figo, akaonja chakula kama nilivyoonja, akatema. Alisema ni chumvi, na kwamba aliyenacho aache kukitumia saa hiyohiyo na awape kuku maji safi kidogo kidogo. Kwa vifaranga, alisema, hata siku moja ni nyingi.

Nilimpigia simu mwenye kiwanda. Hakupokea mwenyewe. Nilimwachia ujumbe kwa karani wake, na mchana alikuja mwenyewe na pikapu, uso umemsawajika. Alikuwa ameshajua. Wateja wawili wa mjini walikuwa wamemrukia asubuhi.

"Dada Halima," alisema, "ni mzigo mmoja tu wa dagaa tuliousagia chakula. Si magunia yote."

"Magunia yapi basi?"

"Wiki ninaijua. Magunia siyajui. Hatukuyawekea alama."

"Basi ni yote, mpaka tujue."

"Nipe siku mbili nichunguze. Ukiandika leo, kiwanda changu kimekufa. Nina watu pale wananitegemea, nina mkopo. Na wewe kamisheni yako utaipata wapi?"

Nilimwonea huruma kweli, na sitajifanya sikuogopa. Kamisheni yake ndiyo iliyokuwa inalipa umeme na simu. Lakini niliwafikiria wanaofungua magunia jioni ile kwa sababu tu sie ndio tuliowaambia wakanunue. Nikamwambia, "Tuandike pamoja. Weka jina lako, sema unayarudisha magunia. Watu watakusikiliza ukisema mwenyewe."

Alitikisa kichwa. Alisema hawezi kujichongea jeneza. Alipanda pikapu akaondoka bila kuniaga, na mtu yule hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Nilijaribu kumpigia Mama Ngonyani Songea, laini ya mbali haikupatikana. Nikakaa kuandika. Niliandika kwamba chakula tulichowasifia, gunia jipya lolote, wasilitumie. Dalili ni hizi, fanya hivi. Kwamba kuku wetu walikila wakawa salama, na kwamba hilo halikutosha. Halafu mwishoni nikaongeza ombi ambalo sikuwahi kuliandika: "Ukiipata barua hii, ichapishe. Nenda kwa jirani unayejua anafuga. Wengi wao hawana imeili, na barua ya posta itawakuta wamechelewa."

Nilikuwa nimeweka nukta ya mwisho umeme ukakatika. Ilikuwa zamu ya Mikocheni kwenye mgao. Bahati nzuri nilikuwa nimeshahifadhi kwenye disketi. Niliitia kwenye pochi pamoja na disketi ya anwani, nikatoka mtaani kutafuta mahali panaponguruma jenereta.

Kulikuwa na kiwanda cha uchapaji barabara ya pili. Nilimwomba mlinzi anipeleke kwa mwenye kompyuta, akanipeleka kwa mhasibu, bwana mnene mwenye miwani. Nilianza kujieleza, kwamba natoka Barua ya Banda, na kabla sijamaliza akavua miwani.

"Barua ya Banda? Mimi si ninaipokea hapa." Alikisogeza kiti chake. "Kuna nini?"

"Kuna chakula kibaya."

Alisoma ile barua nikiwa nimesimama nyuma yake. Alipofika kwenye jina la chakula aliinua simu ya mezani, akapiga nyumbani kwake, akamwambia mkewe amwage chakula chote cha kuku na asiulize kwa nini. Kisha akanipisha kiti. Modemu yake ilikwangua ile sufuria yake, ikashika. Tukatuma kwa mafungu, kwa kuwa mashine ilikataa anwani nyingi kwa mara moja. Alikaa na mie mpaka fungu la mwisho lilipoondoka, akakataa hata nimlipie simu.

Kadi za posta nazo niliziandika jioni ile nikazipeleka, nikijua zitachelewa. Kwa wale wa Temeke niliokuwa nawajua kwa nyumba, nilikwenda kwa miguu na Bi Kidawa. Yeye ndiye aliyekuwa akibisha hodi. Alisema, "Mie ninajua kuwaeleza, mie ndiye nimezika."

Kilichotokea nilikuja kukisikia kwa vipande. Mwalimu Kessy aliisoma chuoni, akaahirisha kipindi, akarudi Tegeta kabla ya jioni na karatasi nyingi mkononi. Aliwakuta watu pale kwenye benchi, wakagawana mitaa. Nesi mmoja wa Mbweni aliipokea kazini akaisoma kwa sauti kwenye foleni ya kliniki ya watoto, kina mama wakaondoka kabla ya kupima. Kuku walikufa, sitasema hawakufa. Bi Kidawa alibaki na wachache tu. Lakini mabanda mengi gunia lilikuwa halijafunguliwa, au limefunguliwa na halijafika mbali, na hao walipona.

Na mwenye kiwanda, kesho yake, alikwenda mwenyewe Tegeta na pikapu. Nilimkuta dukani anapakia magunia aliyorudishiwa, jasho linamtoka, watu wamemzunguka na hawamsemi vizuri. Alikuwa anaandika majina yao ili awaletee mapya. Aliponiona aliinamisha kichwa.

"Ningekubali jana nikaandika na wewe," alisema, "leo wangenisikia kwa adabu kidogo."

"Umekuja leo," nikamwambia. "Shika upande huo, hili zito." Tukapakia pamoja. Kiwanda hakikufa. Kilikonda kwa mwaka, kisha kikarudi, na kila gunia lake tangu siku ile lilikuwa na tarehe.

Majibu ya imeili yalianza kuingia umeme uliporudi. Nilijiandaa kutukanwa, na nilitukanwa. Wengine waliandika kwa kifupi kwamba tuwaondoe, nikawaondoa siku hiyohiyo na kuwashukuru. Lakini wengi waliandika kueleza walikoipeleka ile barua. Na wiki zilizofuata zikaja kadi na imeili za watu tusiowajua kabisa, waliobishiwa hodi na jirani mwenye karatasi, wakitaka na wao waandikiwe. Miaka yote ile tulikuwa tunaomba anwani moja moja, sasa zilikuwa zinakuja zenyewe.

Nilikwenda kwa Bi Kidawa na vifaranga kutoka banda letu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia. Alipokea boksi, akafungua, akawahesabu kwa kidole, akauliza, "Sasa hawa niwalishe nini?"

"Nilidhani hutaki tena ushauri wetu, bibi."

"Mie nilikuja kwako na kuku mfu, ukanifungulia mlango," alisema. "Kiwandani nilipiga kwa simu ya muuza duka, haikupokewa. Niambie niwalishe nini."

Mama Ngonyani aliporudi kutoka Songea nilimpa nakala ya ile barua kabla hajatua mzigo. Aliisoma karibu na dirisha, ameishika karibu na macho. Nilisimama kama siku ya kwanza.

"Umeandika 'tunasikitika' mara mbili," alisema. "Mara moja inatosha." Akaikunja. "Ningekuwepo mimi, ningeituma vilevile. Ila ningechelewa kidogo, Halima, kwa sababu ningemwonea haya yule kijana. Nashukuru nilikuwa Songea."

Sijawahi kupata sifa iliyonikaa kama hiyo.

Alifanya kazi miaka michache baada ya hapo. Macho yalipokwisha kabisa, mie nilimsomea barua kabla ya kutuma, na yeye alikatakata sentensi zangu akiwa amekaa bandani anasikiliza kuku. Mengi ninayoyajua ya kuandika niliyapata pale. Alifariki katika muongo uliofuata, nyumbani kwake, baada ya kulazwa na kuruhusiwa.

Niliandika imeili fupi sana kwa orodha yetu. Nilisema aliyeanzisha Barua ya Banda amefariki, msiba uko Mikocheni, na mwezi ule hakutakuwa na bidhaa. Sikuwaalika. Nilitaka tu wajue.

Tulikuwa tumekodi turubai moja, kwa ndugu wa Songea na majirani. Asubuhi ya pili watu wakaanza kuingia getini ambao hakuna ndugu aliyewajua. Walikuja wakiwa na trei za mayai mikononi, kwa sababu ndicho walichokuwa nacho. Bi Kidawa alikuja na kina mama wa Temeke, wakaenda moja kwa moja jikoni na kufunga khanga viunoni. Mhasibu wa uchapaji alikuja na mkewe. Kutoka Tegeta lilikuja kundi zima, Mwalimu Kessy akiwa mbele. Kulikuwa na mzee aliyenishika mkono akanitajia, badala ya jina lake, anwani yake ya imeili, na nikamjua papo hapo. "Kumbe ni wewe unayeandika," akasema. "Miaka yote nilidhani ni mwanamume." Mayai yalijaa jikoni, yakajaa gereji, mengine tukayapanga juu ya kompyuta. Wapishi walilalamika kwamba hakuna mahali pa kuweka sufuria.

Stella, binti yake Mama Ngonyani, alikuwa amefika kutoka masomoni nje. Mara nyingi alikuwa amemwomba mama yake apumzike, aache ile gereji. Alisimama na mie mlangoni akiwatazama watu wanavyoendelea kuingia, wengine wamebaki wima juani kwa kukosa pa kukaa.

"Dada Halima, hawa wote ni nani?" aliuliza. "Mimi nilijua mama anauza chakula cha kuku tu."

"Ndicho alichokuwa anauza," nikamwambia. "Hawa ndio wateja."

Alijifuta macho. Kisha akavua viatu vyake vya safari, akachukua kandambili zilizokuwa pale mlangoni, tukatoka wote wawili kwenda kuazima viti kwa jirani.